Jina zuri la nchi halishonwi kwenye jezi



Tangu mwaka 2025 jina la nchi yetu liko kwenye nguo za mazoezi za FC Barcelona. AS Monaco na AC Milan nao wamesaini mkataba na serikali yetu. Kwa Barcelona peke yake, magazeti yaliandika zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka 4. Wachezaji wanatangaza kwamba Kongo ni moyo wa Afrika. Na wakubwa wa Kinshasa wanatuambia: angalieni, sura ya nchi inabadilika, dunia inaanza kutuheshimu.

Swali langu ni fupi: inabadilika machoni pa nani?

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kuna mambo yamesonga mbele. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Frankofonia, na yenye wengi walisema haitawezekana ilifanyika. Juni 2025 nchi yetu ilichaguliwa kukaa kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka 2026 na 2027. Hayo ni ya kweli na mimi nayafurahia.

Lakini balozi mwenye anapiga kura New York halali Kasongo. Waziri mwenye anakuja siku mbili kwa hoteli ya Gombe, anakula samaki, anapiga picha na kurudi, huyo ameona rangi ya mlango tu. Ukitaka kujua sifa ya nyumba, uliza mpangaji. Yeye ndiye anajua kama paa inavuja.

Huku kwetu wapangaji hawakosekani. Kuna padri na sista kutoka nchi za mbali. Kuna daktari wa shirika la kigeni. Kuna dereva wa lori Mtanzania ao Mkenya, mfanyabiashara Mrundi, na injinia wenye walikuja kwa ajili ya dhahabu ya Namoya. Ukikaa na hawa watu, ukawaacha waongee bila kuogopa, wanasema vitu viwili. Cha kwanza: watu wa hapa ni wazuri. Wanamkaribisha mgeni, wanamfundisha Kiswahili, wakimuona amekwama na moto yake kwenye matope wanashuka kusukuma hata bila kumjua. Cha pili: serikali ya hapa haionekani, na siku inaonekana, inaonekana kwenye bariere.

Kwa hiyo Kongo iko na majina mawili. Jina la watu liko zuri tangu zamani. Jina la Leta njo limechafuka. Pesa ya jezi inajaribu kusafisha jina la Leta kwa kukopa uzuri wa watu, wa misitu na wa sokwe, na yale yenye yalilichafua yanabaki vilevile.

Tuangalie yenye mgeni anaona.

Anaona barabara. Kutoka Kasongo kwenda Kindu, kilometa 200 na kitu, kipindi cha mvua mtu anaweza kulala njiani siku nyingi. Kutoka Kasongo kwenda Kabambare na Salamabila ni hadithi ileile. Daraja la miti likioza, kijiji kinaweka miti mingine na kuomba pesa kwa wapita njia. Mgeni anaandika nyumbani kwamba amefika nchi yenye utajiri usio na mwisho, na lori imechukua wiki moja kwa safari ya siku moja.

Anaona bariere. Ukipita hapa unalipa, ukipita pale unalipa, na karatasi ya kuonyesha umelipa hakuna. Mgeni anaombwa paspoti, halafu anaombwa "ya kahawa". Hii si maneno ya wivu ya wazungu. Shirika la Transparency International linapima kila mwaka namna rushwa inavyoonekana kwenye ofisi za serikali, sifuri ikiwa mbaya kabisa na 100 ikiwa safi. Mwaka 2012 Kongo ilipata 21. Mwaka 2024 ilipata 20. Miaka 12, marais wawili, hotuba ngapi sijui, na tumerudi nyuma alama moja.

Halafu anaona usiku wa Namoya.

Hapa niseme polepole, kwa sababu hii njo sehemu yenye jina la kwetu limeharibikia zaidi. Septemba 2016 madereva wa malori Watanzania na Wakenya walitekwa karibu na Namoya, na malori mengine yakachomwa moto. Jeshi letu liliwaokoa, na hilo tulisifu. Machi 2017 wafanyakazi 5 wa mgodi walitekwa: Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongomani watatu. Walikaa mikononi mwa watekaji karibu miezi mitatu. Julai 2019 wengine wanne wakatekwa, na kati yao kulikuwa tena na wageni. Septemba ya mwaka ule kampuni ya Banro, ya Kanada, ikatangaza kusimamisha kazi Namoya. Mgodi ule ulikuwa umeanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 tu.

Unafikiri dereva aliyerudi Dar es Salaam alisimulia nini kijiweni? Na mwenzake akiulizwa leo kubeba mzigo mpaka Kabambare, anaomba bei gani? Jina baya linalipwa pesa. Linaingia kwenye bei ya sukari, ya simenti, ya dawa, na mama wa Salamabila njo anailipa.

Lakini kuna jambo lingine kwenye ile hadithi ya 2017, na ndilo linaniuma zaidi. Yule Mfaransa alipoachiliwa, habari ilisomwa Paris mpaka kwa rais wao. Wale Wakongomani watatu, nani kati yenu anakumbuka? Walitekwa pamoja, msitu ni uleule, hofu ni ileile. Mgeni yuko na ubalozi wa kumuambia "usiende kule", uko na ramani yenye rangi nyekundu. Mtoto wa Kabambare hana ubalozi. Yeye amezaliwa ndani ya ile rangi nyekundu.

Njo maana nasema mambo ya jina la nchi si mambo ya wazungu. Kila kitu chenye kinamfukuza mgeni, siye tunakiishi kila siku. Mgeni anakiona kwa sababu yeye alizoea kitu kingine. Siye tumezoea mpaka hatukioni tena.

Kuna wenzetu watajibu: "Kwa nini tujali wageni wanasema nini? Si wao walituibia? Si wao wanatupaka matope kusudi wachukue dhahabu kwa bei ya karanga?" Hoja hiyo iko na uzito, siidharau. Mgeni naye yuko na macho yake na tumbo lake. Mwenye kukaa nyuma ya ukuta wa mgodi, na walinzi mlangoni, anaona kila kijana kama mwizi. Haoni kwamba yule kijana alikuwa anachimba palepale Mwendamboko mbele kampuni haijafika, na kwamba wengi waliondolewa bila kupata kazi nyingine. Vita vya Salamabila havikuanguka kutoka mbinguni. Na ramani za ubalozi zinaweza kuweka mkoa mzima ndani ya rangi moja, kijiji chenye amani na kijiji chenye risasi, bila kutofautisha.

Tena hasira yetu juu ya dunia iko na sababu. Goma ilipoanguka Januari 2025, dunia iliangalia. Tarehe 28 mwezi ule, Kinshasa, waandamanaji walishambulia balozi, ya Rwanda, ya Ufaransa, ya Ubelgiji, ya Marekani, hata ya Uganda na ya Kenya. Naelewa ile hasira. Lakini jiulizeni, ile siku ilimuumiza nani? M23 haikurudi nyuma hata hatua moja. Waliofunga virago ni walimu, madaktari na wafanyabiashara wenye walikuwa wanaishi na siye vizuri. Jina tulilolichoma siku ile lilikuwa lile zuri, jina la watu.

Na tusidanganyane kwamba maneno ya mgeni hayana nguvu. Siye watu wa Maniema ya kusini tunapaswa kujua hilo kuliko wote. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi, mgonjwa, miguu na vidonda. Halafu akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa soko wakipigwa risasi na wafanyabiashara wa watumwa, wengi wanawake. Aliandika. Maandishi yake yalipofika Uingereza mwaka uliofuata, yalisaidia kuwasha moto wenye ulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Kisha wengine wakatumia maneno yaleyale kuja kututawala. Maneno ya mgeni yanaweza kuokoa, yanaweza pia kufungua mlango kwa mwizi. Kitu chenye hayafanyi ni kupita bure.

Ona pia Kindu. Novemba 1961 askari waliua wanajeshi wa anga 13 wa Italia, wenye walikuwa kwenye kazi ya Umoja wa Mataifa. Mpaka leo, kwa Waitalia wazee, neno Kindu maana yake ni ile siku. Miaka zaidi ya 60! Hakuna jezi yenye inaweza kufuta hiyo.

Lakini Kasongo iliwahi kuwa na jina zuri duniani, na vijana wengi hawajui. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na wauguzi wa kwetu. Walijenga mpango wenye vituo vya afya vidogo vya vijijini vilikuwa vimeungana na hopitali moja, na mwananchi akawa na sauti. Mwaka 1981 jarida la kidaktari The Lancet lilichapisha matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Mfumo wa zone de santé wenye nchi nzima inatumia leo, Kasongo ilikuwa kati ya shule zake za kwanza. Wanafunzi wa afya ya jamii, kwenye nchi zenye hatuwezi hata kuzitaja, walisoma jina Kasongo darasani.

Nani alilipia tangazo lile? Hakuna. Muuguzi alifika kazini, dawa ilikuwepo, mtoto akapona, na mgeni akaandika yenye aliona. Jina lilikuja lenyewe nyuma ya kazi, kama vile harufu inavyofuata chakula.

Mimi nimemaliza chuo kikuu, kazi sina. Diplome yangu nayo iko na jina lake huko nje: nikiionyesha kwa mwajiri wa kigeni, anaiangalia mara mbili, kwa sababu ina muhuri wa nchi yenye haaminiki. Kwa hiyo siongei kama mtu wa pembeni. Jina la nchi ni kitambulisho chenye kila mmoja wetu anabeba mfukoni, atake asitake.

Basi tunaomba nini?

Kwanza, mikataba ya Barcelona, Milan na Monaco itolewe yote mbele ya wananchi, na serikali ionyeshe faida yenye imepatikana.

Pili, kodi za migodi. Kanuni ya madini ya 2018 inasema wazi: kwa kila redevansi ya madini, 25 kwa 100 ni ya jimbo na 15 kwa 100 ni ya sekta ao chefferie yenye mgodi umo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Gavana na wadepite wetu watuambie Kabambare imepokea ngapi, mwaka gani, imefanya nini.

Tatu, bariere zisizo na sheria ziondolewe kwenye njia ya Kasongo, Kabambare na Salamabila. Kazi hiyo haiombi euro hata moja. Inaomba amri na mtu wa kuifuata.

Nne, usalama wa Salamabila utafutwe pamoja na vijana wenye waliondolewa kwenye mashimo, si kwa bunduki peke yake.

Na siye vijana tuna sehemu yetu. Kijana mwenye anaweka kamba barabarani na kuomba pesa kwa dereva Mtanzania anafanya kazi ileile ya yule wa bariere. Tusiharibu jina lenye wazee wetu walituachia, lile la mtu mwenye anashuka kusukuma moto ya mgeni.

Siku dereva kutoka Kigoma atafika Kabambare, apakue mzigo, alale, aamke, arudi kwao bila kitu cha kusimulia isipokuwa bei ya mchele, siku hiyo tutajua jina la nchi limetengenezeka. Na mama wa Salamabila atakuwa amelala vizuri usiku uleule.