Nionyesheni Maswali Yake

Msomaji wa Tanzania akiona "rada" na "vitabu" kwenye ukurasa mmoja atadhani tumerudi kwenye chenji ya rada, zile pauni milioni 29.5 za BAE Systems zilizoishia kuwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Hapana. Ugomvi wa toleo hili ni wa wahandisi wenyewe kwa wenyewe: anayejifunza uhandisi wa rada aanze na kitabu gani?

Tulipoomba makala tulitegemea hoja. Tulicholetewa kwa wingi ni ukoo. Kambi moja imemng'ang'ania Skolnik kwa sababu ndiye waliyefundishwa, na walimu wao vilevile, tangu toleo la kwanza la 1962. Kambi ya pili inasema mzee amepitwa na wakati, tuhamie kwa Richards, Scheer na Holm wa 2010, utadhani mwaka huo mwangwi ulianza kurudi kwa njia nyingine. Makala zote mbili zimeandikwa vizuri, na zote zinalizunguka jambo lenyewe. Hakuna hata moja iliyofungua kurasa za maswali mwishoni mwa sura.

Mimi huanzia hapo. Nipeni kitabu chochote, nitatafuta swali la aina hii: rada ya hali ya hewa yenye urefu wa wimbi wa sentimita 10 inatoa mapigo 1,000 kwa sekunde. Mwisho wake wa kuaminika ni wapi? Kwa umbali ni kilomita 150. Mwangwi ukitoka mbali zaidi ya hapo, unafika pigo jingine limeshatoka, na wingu lililo kilomita 170 linachorwa kwenye kilomita 20. Kwa kasi ni mita 25 kwa sekunde, kuja au kwenda. Sasa leta upepo unaoikimbia rada kwa mita 40 kwa sekunde: kioo kitasema unakuja, tena kwa mita 10. Mwanafunzi akiongeza mapigo yawe 2,000, kasi inapona lakini umbali unashuka hadi kilomita 75. Akiyapunguza, kinyume chake. Hapo anakuna kichwa, na hapo ndipo uhandisi wa rada unapoanza. Kitabu kinachomweleza mkwamo huo kwa aya mbili, kisha kikampa programu ya kompyuta imchoree grafu, kimemnyima haki yake. Atajua kubonyeza.

Kwa kipimo hiki Skolnik anashinda, ila si kwa sababu wanazozitoa watetezi wake. Toleo lake la tatu, la 2001, lina maswali yanayomlazimisha mtu kufanya uamuzi wa kihandisi. Tena anafanya jambo ambalo wengine hulipita haraka: anampa msomaji mlinganyo wa rada katika umbo lake jepesi, halafu anarudi kuutilia shaka, akionyesha jinsi umbali halisi unavyokuwa mfupi kuliko ule wa kwenye karatasi, kwa kuwa kelele, shabaha isiyotulia na upotevu wa nguvu ndani ya mitambo havikuhesabiwa sawasawa. Pamoja na hayo, ni kitabu cha mtu ambaye Fourier na nadharia ya uwezekano hazimtishi. Kumkabidhi mwanafunzi asiye na hayo mawili ni kumkomoa, na wapo wahadhiri wanaoona fahari kukomoa.

Makala inayomtetea Stimson ni fupi na ina mapenzi mengi. Michoro ya kitabu kile inayastahili. Woodward wa 1953 asomwe, baadaye. Anayempendekezea mwanafunzi wa shahada ya kwanza majuzuu yote 28 ya Radiation Laboratory anatutania, naamini, nami nimemchapisha hivyo hivyo. Makala kuhusu bei za vitabu na nakala za kudurufu ilichelewa kufika, ndiyo maana iko kurasa za mwisho. Ningeiweka ya kwanza.

Kwa toleo lijalo sipokei tena sifa za mwandishi yeyote. Leteni swali moja mnalowapa wanafunzi wenu, pamoja na jibu lililokokotolewa kwa kalamu, vizio vikiwemo. Wa Skolnik na wa 2010 wote watapata ukurasa mmoja mmoja.