Picha pana ya mandhari inataka kamera iliyosimama

Mtu akifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na kutaka picha ya bonde zima, mkono huilaza kamera wenyewe. Mandhari ni pana, basi na fremu iwe pana. Kwa picha moja hakuna ubaya. Lakini kwa picha inayounganishwa kutokana na vipande vingi, mazoea hayo yanamnyima mpiga picha mbingu, ardhi, au vyote viwili.

Upana wa picha ya namna hiyo hutokana na kuzungusha kamera: ukipungua, anaongeza kipande kimoja upande wa kulia au kushoto. Kimo hakiongezeki hivyo. Hubaki kile cha fremu moja, tena hupungua, kwa sababu vipande vilivyopigwa kwa mkono havilingani sawasawa, na kingo za juu na chini hazina budi kukatwa.

Chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 50. Ikilazwa, huona nyuzi 27 tu toka chini hadi juu. Ikisimamishwa, huona karibu 40. Kuzunguka nyuzi 180, vipande vikipishana kwa theluthi moja, kutahitaji picha 7 kwa kamera iliyolala na 10 kwa iliyosimama. Picha tatu za ziada ni gharama ndogo mno. Kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 itatoa chapa safi yenye kimo cha sentimita 50 hivi badala ya 34, na hapo ndipo tofauti inapoonekana ukutani.

Pale Ngorongoro, ukuta wa kreta una kina cha mita 600 hivi, na upande wa pili uko mbali karibu kilomita 19, kwa hiyo kwenye picha huwa utepe mwembamba tu. Kinachobeba picha ni sakafu ya kreta na mawingu. Kamera iliyolala ikielekezwa kwenye upeo wa macho, haiwezi kuona sakafu iliyo karibu zaidi ya kilomita mbili na nusu. Wengi huiinamisha ili waipate, na hapo mbingu hukatwa, na upeo wa macho huanza kujipinda programu inapounganisha vipande.

Eadweard Muybridge alilijua hili mapema. Mwaka 1878 alipanda juu ya kilima cha California Street, San Francisco, akauzunguka mji wote kwa mabamba 13 ya kioo, kila moja likiwa refu kuliko upana wake. Yakipangwa pamoja, picha hufika mita tano na ushee, na bado ina kimo cha kutosha kuonyesha mapaa ya karibu na maji ya ghuba yaliyo mbali. Apple nao, walipoingiza picha pana kwenye iPhone mwaka 2012, waliuweka mshale wa kuongoza kwa simu iliyoshikwa wima. Mamilioni ya watu hupiga hivyo kila siku, kisha wakishika kamera kubwa wanailaza!

Ipo hali moja ambapo kuilaza ni uamuzi mzuri. Mpiga picha aliye Amboseli akiitazama Kilimanjaro kwa lenzi ndefu, huku mawingu yakikimbia kileleni, anahitaji vipande vichache vilivyopigwa haraka, maana kila mshono unaopita kwenye kitu kinachotembea ni kovu linalosubiri kuonekana. Kama mlima umekaa vizuri ndani ya kimo cha fremu, ailaze na apige upesi.

Kusimamisha kamera kuna deni lake pia. Majani na mawe ya karibu huingia kwa wingi, na hayo ndiyo hujitokeza mara mbili kwenye mshono mpiga picha anapogeuka na kamera mikononi, kwa kuwa lenzi inahama badala ya kuzunguka papo hapo. Dawa ni tripodi yenye kipande cha chuma kilichopinda pembe mraba, kinachoishika kamera wima na kuiacha lenzi juu ya kitovu cha mzunguko. Mwangaza, fokasi na rangi vifungwe kwa mkono kabla ya kipande cha kwanza. Na asiye na tripodi asogee nyuma hatua chache, ayaache mbali yale majani ya miguuni, kisha azunguke kuifuata kamera badala ya kuizungusha kamera imfuate yeye.