Diski ya Zamani Katika Kompyuta Mpya: Tuhamishe Amana, Tusihamishe Maradhi



Kompyuta ya ofisi ya msikiti au ya madrasa inapoharibika, aghalabu hutolewa shauri hili: "Tununue nyingine, tuchomoe diski kuu ya ile ya zamani tuipachike humo, na kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa." Shauri hilo lavutia, kwani lina sura ya kubana matumizi. Kwa maoni yetu, nusu yake ni jema na nusu yake ni la hatari.

Yatupasa kutenganisha mambo mawili yanayokaa katika diski moja. Jambo la kwanza ni kumbukumbu zetu: daftari la wanafunzi, hesabu za michango, nakala za vyeti vya ndoa. Hizo ni amana. Jambo la pili ni mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza kompyuta yenyewe. Huo ni chombo tu, na chombo huchakaa.

Mfumo endeshi huzoeshwa viungo vya kompyuta ulimowekwa. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, mara nyingi ilipohamishiwa kwenye kompyuta ya namna nyingine ilikataa kuwaka, ikaonesha kioo cha buluu na maandishi ya kosa. Windows 10 huweza zaidi kujirekebisha, na Linux huzidi kwa kuwa hubeba ndani yake viendeshi vya vifaa vingi. Hata hivyo, kompyuta nyingi za sasa huwaka kwa utaratibu wa UEFI, na baadhi yake haziwezi kuwashwa kwa diski iliyoandaliwa kwa utaratibu wa kale wa BIOS.

Tuseme imewaka. Je, mfumo wenyewe ungali salama? Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuuingiza mfumo ulioachwa ndani ya kompyuta mpya, kisha kuiunganisha na intaneti, ni kujenga nyumba mpya na kuitia mlango uliooza.

Liko pia suala la uaminifu. Leseni ya Windows iliyokuja ndani ya kompyuta ilipouzwa hufungamana na kompyuta ile ile. Iliyonunuliwa peke yake ndiyo iruhusiwayo kuhamishwa. Haifai tuhifadhi daftari la haki za watu kwa chombo tusicho na haki nacho.

Atasema msemaji: "Fedha hatuna." Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ina jawabu. Linux hupatikana bila malipo na kwa halali, na pamoja nayo LibreOffice, ifunguayo nyaraka nyingi zilizoandikwa kwa Word na Excel.

Basi, tufanye nini? Kwanza, kabla ya kugusa chochote, tunakili kumbukumbu zote mahali pawili, na tuzifungue kuhakikisha zinasomeka. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake utafutwe mapema, kwani bila huo haitasomeka katika kompyuta nyingine. Pili, tuweke mfumo mpya katika diski mpya. Tatu, diski ya zamani itiwe katika kasha la USB, iwe ghala la nakala ya ziada. Isiwe tegemeo la pekee, maana sehemu zake zinazozunguka zimekwisha kuchoka.

Na tukiamua kuiuza au kuigawa, tukumbuke kwamba kufuta faili kwa kawaida hakuondoi yaliyomo. Fundi huweza kuyarudisha. Diski nzima iandikwe upya juu yake, ama ivunjwe. Siri za waumini si bidhaa ya mnada.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari letu limo ndani ya diski. Kamati itakayokutana mwezi huu na iulize swali moja: nakala ya pili iko wapi?