Mashujaa Wanaochukiwa

Wapo walimu wanaodai kwamba vijana wetu huvutwa na vitabu vya katuni vya X-Men kwa sababu ya ngumi na makucha tu, na kwamba hiyo ni kasumba ya kutupwa jalalani. Sisi hatukubaliani nao. Ngumi zimejaa katika katuni chungu nzima za Marekani, na nyingi zimekufa bila kuacha hata jina.

Historia yenyewe yawasuta. Stan Lee na Jack Kirby waliwaanzisha X-Men mwaka 1963, katika kampuni ya Marvel: vijana watano, wote wazungu, waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida na kufundishwa na Profesa Xavier. Ngumi zilikuwamo tele, wanunuzi hawakutosha. Kuanzia 1970 hadi 1975 kitabu hicho kilirudia tu kuchapisha hadithi za zamani. Ndipo Len Wein na Dave Cockrum walipoleta kundi jipya, ndani yake Mrusi, Mjerumani, Mkanada, Mwapache, na mwanamke wa Kiafrika, Ororo, anayeamuru mvua na radi. Chris Claremont akashika kalamu tangu hapo hadi 1991, akalikazia jambo lililokuwa limeguswa juu juu: kwamba watu hawa huchukiwa na walewale wanaowaokoa, na kosa lao ni kuzaliwa. Hata Magneto, adui yao, alipewa historia ya mtoto aliyenusurika Auschwitz. Msomaji hawezi tena kumchukia kwa raha. Kijana aliyewahi kuchekwa kwa rangi yake, kilema chake au kabila lake hujiona humo. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwao, wala si makucha.

Lakini hapo ndipo ugomvi wetu na waandishi wenyewe unapoanza. Ororo ni mtoto wa mama Mkenya na baba Mmarekani Mweusi. Katika hadithi ya 1975 tunamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu na wanakijiji wanaomlilia mvua. Yeye amepewa nywele nyeupe na macho ya buluu. Wao hawakupewa hata majina. Kisha anatokea Xavier, mzungu, kumfahamisha kwamba yeye si mungu, na kumwita ng'ambo kwenye kazi kubwa zaidi. Kenya hiyo ilipata uhuru mwaka 1963, mwaka uleule walipozaliwa X-Men. Ilikuwa na vyuo, magazeti na waandishi wake. Kitabu kinachojigamba kumtetea anayedharauliwa kwa kuzaliwa kwake, kilipofika Afrika kilimwona mtu mmoja tu wa thamani, nacho kikaondoka naye!

Tutaambiwa kwamba hii ni michoro ya kuchekesha watoto. La hasha. Wasomaji wanaoona haki ikipiganiwa kwa ufasaha namna hii huyaamini na mengine yaliyomo.

Kwa hiyo hatuombi vitabu hivi vipigwe marufuku. Tunaomba visomwe darasani, waziwazi, kisha mwanafunzi aandike insha kwa niaba ya mmoja wa wanakijiji wale: anaitwa nani, anazungumza lugha gani, mvua imekawia misimu mingapi, na alisema nini siku Ororo alipoondoka.