Kiti cha Asiyeijua Kesho

Msomaji, katika nchi ya Japani iko reli ya treni ziendazo kasi, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, mwendo wa kilomita 515. Treni iliyo ya mbio kuliko zote katika njia hiyo yaitwa Nozomi, yaani Tumaini. Ina mabehewa 16 na viti 1,323.

Abiria wake ni wa namna mbili. Wa kwanza huweka kiti mapema, na kiti hicho ni chake hata akifika dakika ya mwisho. Wa pili hununua tikiti isiyo na namba ya kiti, husimama mstarini, na hukaa popote apatapo katika mabehewa yaliyotengwa kwa watu kama yeye. Mabehewa hayo yalikuwa matatu, yenye viti 250. Tangu Machi 2025 yamebaki mawili, yenye viti 165: kiti kimoja katika kila vinane. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2023, katika siku za msongamano mkubwa, kama za mwaka mpya na zile za Agosti za kuwakumbuka wazee waliokufa, hayabaki hata hayo. Viti vyote huwa vya kuwekwa.

Wanaousifu utaratibu huu wana hoja, nasi tusizidharau. Wasema kwamba watu wanaotaka kuweka viti wamezidi. Kwamba mzee na mama mwenye watoto hawapaswi kugombea kiti. Kwamba msukumano mlangoni huchelewesha treni. Yote hayo ni kweli. Akiba haiozi, na ajitayarishaye astahili matunda ya matayarisho yake.

Lakini ni nani awezaye kuweka kiti wiki nyingi mbele? Ni yule ambaye kesho yake i mikononi mwake. Mtu aliyeletewa habari jioni kwamba mama yake yu mahututi hakupewa muda wa kujitayarisha. Mfanyakazi apataye ruhusa usiku wa kuamkia sikukuu si mvivu wala mzembe. Haja za watu hawa hazimo katika hesabu ya viti vilivyowekwa, kwa kuwa hazikuwapo siku vilipowekwa. Hesabu isiyowaona haiwezi kuwahukumu.

Makampuni ya reli hujibu kwamba siku hizo mwenye tikiti isiyo na kiti aruhusiwa kupanda na kusimama karibu na milango. Ruhusa hiyo ni ungamo. Yakiri kwamba watu wa dharura wapo wala hawaondolewi kwa tangazo. Kisha yawasimamisha muda wa karibu saa mbili na nusu, toka Tokyo hata Osaka, na msongamano uliolaumiwa warudi pale pale mlangoni. Wengine husema, na wapande Hikari au Kodama, ambazo zingali na viti visivyowekwa. Kodama husimama kila stesheni, na safari yake huchukua karibu saa nne. Je, mwenye haraka kuliko wote ndiye atakiwaye kwenda polepole kuliko wote?

Sisemi viti vya kuwekwa vifutwe. Nasema behewa moja au mawili yabaki wazi kila siku ya mwaka, na hasa siku za msongamano, maana hapo ndipo haja ilipo kubwa. Mstari una taabu zake, lakini una haki moja: haumwulizi mtu alijua lini, humwuliza amefika lini.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala aliyeketi hamjui aliyesimama. Nawe, msomaji, siku utakapopewa kazi ya kugawa kitu kichache kwa watu wengi, wape waliojitayarisha fungu kubwa, lakini usikigawe chote kabla mtu wa mwisho hajabisha hodi.