MASTAA HAWA WANATAFUTA LAIKI KWA ROHO ZA WATOTO?

Jamani, hii imezidi! Kapo moja maarufu Bongo imeanza safari ya familia kwenda Mbarara, Uganda. Siku ya kwanza tu, wakitoka Nkwenda kuelekea mpaka wa Murongo, wakatupia video: baba kashika usukani, mtoto wa miaka miwili kampakata, mdogo wake kasimama katikati ya viti, mama anarekodi huku anacheka. Mashabiki nao eti "raha jamani!"

Raha gani? Breki ya ghafla ikipigwa, hakuna mkono wa mzazi unaoweza kumzuia mtoto. Anagonga usukani au kioo. Eapegi ikifumuka, inamkuta yeye kwanza.

Kuna wanaotetea: "Mbona sisi tulipakatwa kwenye Hiace tukakua?" Sawa, ila waliokufa hawakomenti.

Tena hawa si watu wa Hiace. Gari la mamilioni, kiti cha mtoto hakuna! Hati za kuvukia mto Kagera walizikumbuka, kadi za homa ya manjano walizikumbuka, mikanda ya watoto ndiyo ikasahaulika?

Kusafiri na watoto si kosa. Wafungeni kwanza, kamera baadaye.

Wadau, mnasemaje?