Ruhusa ya bwana iliisha, lakini kwa kazi bado wanaiomba

Tangu mwaka 2016, mwanamuke wa Kongo mwenye kuolewa hana tena lazima ya kuomba ruhusa ya bwana yake juu ya kusaini kontra ya kazi. Artikle 448 ya Sheria ya familia ya mwaka 1987 ndiyo ilikuwa inadai ile ruhusa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliitosha.

Lakini hapa kwetu, Kolwezi, Likasi ao Kipushi, ile ruhusa wangali wanaitafuta. Haiko tena kwa karatasi, iko kwa kinywa cha shefu. Nafasi ya shefu wa ekipi inafunguka. Mama amemaliza miaka mingi kwa kazi, mashini anaijua vizuri. Wanamuuliza: «Bwana yako atakubali utumike usiku? Watoto watabakia na nani?» Mwanaume mwenye watoto sita hawamuulizake vile hata siku moja. Kisha wanaandika kama mama «hayuko tayari», na nafasi inaenda kwa kijana mwenye yeye mwenyewe alifundisha.

Ile ni mambo ya kila siku. Injeniere mwanamuke, mwenye diplome ya Polytechnique ya UNILU, anaingia kwa mukutano, wanamutuma kahawa. Mwenzake wanamuita «Injeniere», yeye wanamuita «sheri». Akikasirika, wanasema ni muchezo tu. Bote na kombinezo ni za kipimo cha wanaume, choo cha wanawake kiko mbali.

Kwa wachimbaji wa mukono ni vilevile. Wanasema mwanamuke akishuka mu shimo, madini yanakimbia. Basi wamama wanabakia inje, kuosha na kuchagula mawe kwa bei ya chini. Madini yenyewe hayajue nani anayachimba.

Hii haikuanza leo. Wakati wa Union Minière, kwa makambi kulikuwa foyer ya kufundisha bibi za watumishi kushona, kupika na kuchunga nyumba. Bwana kwa kazi, bibi kwa foyer. Wengi wetu tulikomalia mu ile mawazo.

Kuna wababa wanasema: «Kazi ni kidogo, vijana wetu wanaume wenyewe wamekaa bure.» Ni kweli, na inauma. Lakini hatuombe mutu apewe nafasi ya bure. Tunaomba mwenye kujua kazi asikataliwe juu ni mwanamuke. Mushahara wa mama ni minervali, ni kodi ya nyumba, ni unga. Wakimunyima cheo, ni nyumba ya mutumishi ndiyo inapoteza.

Kampuni zibandike kwa ukuta masharti ya kila nafasi, watu wote wasome. Maswali juu ya bwana na watoto yaishe, ao waulizwe wote, wanaume na wanawake. Madelege wa sendika wapokee malalamiko ya wamama sawa vile wanapokeaka ya mushahara: artikle 14 ya Katiba na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya usawa ziko upande wao. Na sisi wenye kuwa mu ekipi, tukisikia ile michezo, tuache kucheka.